Jazi ya Wazee Watano

Mwishoni mwa mwezi ujao wazee watano wapiga muziki watafanya onyesho katika ukumbi wa klabu mjini Ngara, na juma litakalofuata watapiga Biharamulo. Tangazo lao, lililoandikwa kwa mkono na kubandikwa karibu na stendi ya mabasi, lasema kwamba watapiga "jazi ya zamani", na chini yake yameorodheshwa majina ambayo mtu wa umri wetu hawezi kuyasoma kwa moyo mkavu: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Hakuna hata mmoja wa wazee hao aliyepata kuwa katika bendi hizo. Lakini kila mmoja wao ameishi na chombo chake zaidi ya miaka thelathini, katika kumbi na mabaa ya kandokando ya Ziwa na hata ng'ambo ya mpaka, na sasa wamejikusanya kwa kazi hii moja ya kupiga nyimbo za watu waliokwisha kufa.

Desturi ya mhakiki ni kungoja onyesho lipigwe, ndipo aseme. Sisi tumepewa ruhusa ya kukaa nao jioni mbili wakifanya mazoezi, na tuliyoyasikia yametufanya tuone kwamba kusema mapema kuna faida, hasa kwa walimu watakaowaleta wanafunzi wao. Msikilizaji aliyeandaliwa husikia mengi kuliko aliyekurupushwa.

Kwanza tuondoe kikwazo cha jina. Mwanafunzi akilisikia neno jazi leo, na hasa kama amewahi kusoma habari za Wamarekani Weusi wa New Orleans, atatazamia tarumbeta ya Louis Armstrong. Hatasikia hivyo. Katika nchi yetu neno hili lilichukua maana ya bendi ya dansi, yaani kundi la watu wenye vyombo vya kizungu wapigao muziki wa kuchezwa ukumbini. Dar es Salaam Jazz ilikuwako tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu miaka ya 1940, na baada yake zikaja Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, hata ikawa vigumu kuutaja mji wa Tanzania usio na jazi yake. Muziki wenyewe ulikopa zaidi kutoka Cuba kuliko Marekani. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi GV, ambao ulileta rumba ya Cuba mpaka katika vibanda vya wenye magramafoni wa Afrika. Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa mzaha.

Mwalimu mmoja, rafiki yetu, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulipuuza. Alisema: "Bwana, ninyi mnaandika juu ya utamaduni wa taifa. Rumba ya Cuba iliyokopwa kwa santuri za Waingereza, ikaitwa kwa jina la Kimarekani, ikapigwa klabuni penye pombe, yaingiaje katika utamaduni wa taifa?" Swali hilo lina baba mkubwa. Mwezi Desemba 1962, alipokuwa akianza kazi ya Urais wa Jamhuri na akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza rumba na chachacha na twisti, lakini ni wangapi wajuao gombe sugu, kiduo au lelemama? Aliyesikia maneno hayo hakuweza kurudi ukumbini bila kuona haya kidogo.

Hata hivyo, tukitazama yaliyotendeka baadaye, twaona kwamba wanamuziki nao walilisikia swali lile na wakalijibu kwa namna yao. Kila bendi ilijitafutia mtindo, na mtindo ulikuwa zaidi ya jina la kujinadi, kwa kuwa ulikuwa namna ya kupanga mapigo na namna ya kucheza. Western Jazz walikuwa na Saboso. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu. Nuta Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilijiita Msondo, na DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikajiita Sikinde. Na msondo na sikinde ni ngoma za watu wa pwani, za Uzaramo, zilizokuwako kabla gitaa la umeme halijafika bandarini. Basi mpiga tumba wa Nuta alipokuwa akipiga, mkono mmoja ulikuwa Havana na mwingine ulikuwa kwao. Hilo ndilo tulilomjibu mwalimu. Hakuridhika sana, na kwa haki tuseme kwamba ana sehemu ya ukweli: ngoma za Wahangaza na za Washubi hazikupata bendi ya kuzibeba. Walioshika magitaa walikuwa karibu na Dar es Salaam, na kilichokuwa karibu nao ndicho walichokichukua.

Hapa yatupasa tuseme jinsi sisi wa Ngara na Biharamulo tulivyoipata jazi hiyo, maana jambo hili ndilo lililotutia mashaka katika mazoezi yale. Watu wa Morogoro waliiona. Waliona jasho la mpiga tumba, waliona wachezaji wakijaa sakafu, walijua ni nani alikunywa na nani aligombana na nani. Sisi tulisikia tu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, tulipokuwa shule ya msingi, redio katika mtaa wetu ilikuwa moja, na betri zake zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati ili zirudishe nguvu za robo saa. Robo saa hiyo ndiyo iliyokuwa ya Redio Tanzania. Tulikaa chini ya mwembe kimya kama kanisani. Wimbo ulianza kwa nguvu na kabla haujaisha ulikuwa umenywea hata tukauinamia kwa masikio. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekwisha kufa, kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Salum Abdallah alikuwa amekufa zamani, mwaka 1965, naye pia kwa ajali ya gari. Hatukujua. Kwetu walikuwa watu wadogo wakaao ndani ya sanduku.

Kwa hiyo, wilaya zetu zikisema zawakumbuka mabingwa hao, kumbukumbu yenyewe ni ya nini? Si ya dansi. Ni kumbukumbu ya kusikiliza, tena kusikiliza kitu kilichokatwa vipande. Na wazee watano hawa, ingawa ni mafundi, wamejifunza sehemu kubwa ya nyimbo hizi kwa njia ileile: kwanza redioni, halafu katika kanda za kaseti, na siku hizi katika simu za wajukuu wao.

Jioni ya kwanza ya mazoezi walipiga wimbo mmoja wa Morogoro Jazz ambao hatutautaja, kwa kuwa huenda wakaurekebisha. Waliupiga vizuri mno. Gitaa la solo lilikuwa safi, kila kipande mahali pake. Kisha ghafla, katikati ya kipande ambacho kingepaswa kupanda, wakasimama wote pamoja. Baada ya pumzi moja wakaanza tena. Tukamwuliza mpiga solo, ambaye ndiye mkubwa wao, sababu ya kituo kile. Akatutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua huchwea magharibi.

"Ndivyo ulivyo, mwanangu. Wasimama pale."

Tukatafakari usiku kucha, na kulipopambazuka tukagundua. Santuri ndogo ya zamani ilichukua kama dakika tatu au nne kwa upande. Wimbo mrefu ulikatwa ukawa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na msikilizaji aliinuka akaigeuza santuri. Kituo kile hakikuwa cha Mbaraka. Kilikuwa cha mashine. Mbaya zaidi, mwisho wa wimbo wazee walianza kupunguza sauti kidogo kidogo mpaka kukawa kimya, kama fundi mitambo afanyavyo studioni akiufifiza wimbo kwa sababu nafasi katika santuri imekwisha. Watu watano wazima, wenye mikono na vyombo, wakijififiza wenyewe! Tulitaka kucheka, lakini tukakumbuka betri zetu za juani, tukajua kwamba sisi pia twaufahamu wimbo huo kuwa ni kitu kinachonywea.

Hapa pana kosa ambalo kila bendi ya kumbukumbu iko hatarini kulitenda, nalo si kosa la ufundi. Wimbo wa dansi wa miaka ile, kwa kawaida, ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya taratibu, ambapo mwimbaji alisimulia kisa chake na wacheza dansi wakatembea wawiliwawili. Sehemu ya pili iliitwa chemko: maneno hupungua yakabaki kibwagizo, magitaa huchukua nafasi, tarumbeta na saksafoni hujibizana nayo, na ukumbi wote hugeuka. Urefu wa chemko haukuandikwa popote. Ulitegemea sakafu. Watu wakiwa moto, bendi iliendelea. Wakipoa, kiongozi aliashiria kwa kichwa. Kwa maneno mengine, nusu ya utunzi ilikuwa mikononi mwa wachezaji, na santuri haikuweza kuwabeba hao. Anayeinakili santuri kwa uaminifu kamili ameacha nje nusu ya wimbo.

Jioni ya pili tuliwaeleza wazee maoni yetu. Mpiga besi alikubali mara moja; alisema tangu zamani kituo kile kilimkera kama mwiba. Mpiga solo hakukubali. Alisema, na maneno yake yana uzito, kwamba kijana wa kidato cha tatu aliyeusikia wimbo katika simu atakuja ukumbini akitaka kuusikia uleule. Wakiurefusha au kuugeuza atasema wazee wamesahau. Kwake yeye heshima kwa marehemu ni kutoongeza chumvi katika chungu cha mwenzako. Tuliachana hapo bila kuafikiana.

Tuje sasa kwenye hesabu ya watu. Bendi kama Nuta Jazz ilipanda jukwaani na umati wa watu: waimbaji watatu au zaidi, gitaa la solo, gitaa la pili, gitaa la ridhimu, besi, tumba, dramu, na safu ya wapulizaji. Ufumaji wa magitaa ndio uliokuwa uti wa mgongo. Ridhimu hushika mapigo na kuyarudiarudia bila kuchoka, solo hupita juu ikipamba, na gitaa la pili huingia katikati, likijibu la juu na kulisukuma la chini. Ukilisikiliza peke yake laonekana halina maana, na ukiliondoa wimbo wote huonyesha matundu kama jamvi lililokatwa ukili mmoja. Wazee wetu ni solo, ridhimu, besi, dramu, na mmoja aimbaye na kupuliza saksafoni kwa zamu. Gitaa la pili halipo. Waitikiaji ni wapiga vyombo wenyewe, na pumzi zao si za ujanani.

Kuna njia mbili za kuziba pengo hilo. Ya kwanza tuliiona mwaka juzi katika mji mwingine wa mkoa huu, ambako kundi tusilopenda kulitaja lilipiga nyimbo hizihizi kwa kinanda kimoja cha umeme kilichotoa sauti za tarumbeta, za magitaa na hata za tumba, huku vijana wawili wakijifanya kupiga. Hilo tusilijadili. Ya pili ni kukubali uchache na kuugeuza kuwa faida, na hapa wazee wetu wanastahili sifa. Mpiga besi, badala ya kutembea chini peke yake, amechukua baadhi ya majibu ya gitaa la pili akayashusha katika nyuzi zake nene. Jambo hili halimo katika santuri yoyote. Katika wimbo mmoja wa Western Jazz alifanya hivyo hata tukasahau kuhesabu watu. Ndiye fundi wa kundi hili, ingawa tangazo halikumtanguliza, na tungewashauri wanafunzi wayaelekeze masikio yao upande wake tangu wimbo wa kwanza.

Juu ya mwimbaji tuna neno gumu. Sauti yake ni nzuri na matamshi yake ya Kiswahili yametulia. Lakini katika nyimbo za Salum Abdallah anajitahidi kuwa Salum Abdallah: anaibana sauti puani, anavuta silabi alipovuta marehemu, hata kikohozi kidogo kilichomo katika kanda moja ya zamani amekiweka. Sisi tu watu wa mashairi, na katika ushairi jambo hili lina sheria iliyo wazi. Mghani anayeghani shairi la Shaaban Robert hatakiwi kuwa Shaaban Robert. Atakiwa atunze mizani na vina, ayafahamu maneno, kisha ayatoe kwa koo lake mwenyewe. Akiiga sauti ya mwenye shairi, hadhira yamtazama yeye na mwigo wake, na shairi lasahauliwa. Nyimbo za dansi hazina mizani kamili kama mashairi yetu, hilo twalijua na wakati mwingine latuudhi, lakini zina kisa, na kisa hutaka msimulizi aliye hai. Mbaraka alipoimba juu ya shida, mwimbaji wetu wa leo anazo zake za kumtosha. Hana haja ya kuazima za mtu wa mwaka 1970 na kitu.

Twajua atakayesema kwamba kuimba nyimbo za wengine ni desturi ya kigeni iliyoletwa na mahoteli. Si kweli hata kidogo, na walimu wa mkoa huu wanao ushahidi karibu. Mpiga nanga wa Kihaya husimulia habari za mashujaa ambazo hakuzitunga yeye, wala mwalimu wake, alizipokea. Ng'ambo ya mto, Burundi na Rwanda, mpiga inanga hukaa na chombo chake akarudia nyimbo za kale, na Burundi wako waimbao kwa mnong'ono, kana kwamba hawataki kumwamsha mwenye wimbo. Wahangaza na Washubi ni ndugu wa watu hao kwa lugha. Wasikilizaji wa wapiga nanga hawaulizi kama amepiga kama marehemu fulani. Huuliza kama amekiacha kisa kikiwa kizima, na kama usiku wa leo kimewagusa waliokaa hapa. Mizani hiyo ndiyo tungependa ukumbi wa Ngara uitumie.

Neno moja la mtumishi wa serikali, nalo tutalisema upesi. Nyimbo hizi zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za watunzi, na haki hizo hazifi siku ya mazishi. Wapo wajane na watoto. Wengi wa watunzi hao walirekodi studioni mwa redio kwa ujira mdogo, santuri zao zikafyatuliwa Nairobi kwa kuwa hapa hapakuwa na kiwanda, na waliopata faida walikuwa wengine. Tuliwauliza wazee kama wamewasiliana na COSOTA. Walitazamana. Tumewaandikia barua, na tunatumaini kabla ya siku ya onyesho jambo litakuwa limenyooka. Kiasi chenyewe hakitakuwa kikubwa kwa ukumbi wa ukubwa ule, lakini tangazo linalomsifu marehemu kwa herufi kubwa haliwezi kuwasahau aliowaacha.

Zamani Ngara ilitegemea jenereta na giza. Leo maporomoko ya Rusumo yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya nchi tatu, na redio ya mji wenyewe, Radio Kwizera, iko hewani tangu mwaka 1995, iliyozaliwa katika dhiki ya wakimbizi wa mwaka uliotangulia. Sauti haitanywea tena kwa kukosa betri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tutazisikia nyimbo hizi zikipigwa hadi mwisho wake, tukiwa na sakafu ya kuzichezea, ikiwa wazee watakubali kwamba zina mwisho tofauti na ule wa santuri.

Jioni ya pili, tulipokuwa tukiaga, tuliona jambo ambalo latufanya tusite kutoa hukumu. Kijana mmoja wa sekondari, mjukuu wa mpiga ridhimu, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba vyombo, alikuwa ameketi pembeni na gitaa kuukuu lisilo na waya wa umeme. Alikuwa akilitafuta gitaa la pili la wimbo uleule wa Morogoro Jazz. Alikosea mara nyingi. Walipofika kwenye kituo cha santuri wazee wakasimama. Yeye hakujua kwamba husimamwa pale, akaendelea peke yake mapigo manne, matano, mpaka aibu ikamshika. Mpiga besi akacheka, akamwambia, "Endelea, babu." Mpiga solo hakucheka. Alimwita kijana karibu, akamsogeza kidole kimoja kutoka uzi wa pili kwenda wa tatu, kisha akaamuru wimbo uanze upya. Tulipoondoka walikuwa bado hawajaamua kama watampandisha jukwaani. Tangazo linasema watano.